Riba ya siku 26

Katika nyumba nyingi kuna mtu mmoja anayefungua barua, na mwingine anayeuliza tu, "Wamesemaje?" Mpangilio huo hauna ubaya mpaka siku hesabu itakapogoma. Hapo anayefungua barua hugeuka mshitakiwa bila kuambiwa kosa lake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa familia moja ya Kitanzania iliyokuwa ikiishi Houston, Marekani. Baba ni mtu wa Sengerema, dereva wa malori ya masafa marefu, anarudi nyumbani siku ya kumi au ya kumi na mbili. Mama ni wa Tanga, anahudumia wazee katika kituo cha kulelea, zamu za usiku. Barua zote ni zake: umeme, shule, bima, benki. Huzipanga kwenye mafaili ya rangi, na mume aliwahi kumtania mbele ya wageni kwamba nyumba yao ni masijala.

Walinunua nyumba mwaka 2009 kwa mkopo uliodhaminiwa na FHA. Hiyo ni taasisi ya serikali ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1934. Haikopeshi yenyewe. Inamhakikishia mkopeshaji kwamba mkopaji akishindwa, hatapata hasara yote. Kwa sababu ya dhamana hiyo, mtu asiye na akiba kubwa huweza kununua nyumba kwa kianzio cha asilimia 3.5 tu, na ndiyo maana mikopo hiyo imewafaa wahamiaji wengi.

Mwaka 2013 waliamua kuuza na kurudi kwenye nyumba ya kupanga. Sababu zilikuwa mbili tatu, lakini moja ilikuwa ya baba peke yake. Nyumba ya mama yake kule Sengerema ilikuwa inavuja, naye alikuwa ameahidi kuiezeka upya kabla ya mvua za vuli. Alimwahidi kwa simu, tena mbele ya dada zake. Ahadi ya namna hiyo haina pa kukimbilia.

Mke akapiga hesabu jikoni. Deni lililobaki lilikuwa dola 148,000, riba asilimia 5.5 kwa mwaka, sawa na dola 22 na senti kwa siku. Nyumba ingekabidhiwa tarehe 4 Juni, kwa hiyo riba ya mwezi huo ingekuwa ya siku nne, chini ya dola 100. Akatoa ada ya dalali, akatoa kodi, akamwambia mumewe kiasi watakachobaki nacho. Mume akaligawa papo hapo: hili la pango, hili la gari, hili la mabati.

Siku ya kusaini walikaa mezani pamoja. Kurasa zilikuwa nyingi, na baba alikuwa na mzigo wa kupeleka jioni hiyo. Akawa anatia sahihi anapoonyeshwa kidole, jicho moja kwenye saa. Mke aliona kwamba kiasi cha kumalizia deni kilikuwa kikubwa kuliko hesabu yake, lakini kiliandikwa kwenye mstari mmoja tu, namba moja bila maelezo. Akauliza. Akaambiwa hicho ndicho kilichotoka benki. Mbele ya watu waliovaa tai na mnunuzi anayesubiri funguo, akanyamaza. Wangapi wasingenyamaza?

Fedha zilipoingia zilipungua karibu dola 590. Kwa bei ya dola ya mwaka ule ni zaidi ya shilingi laki tisa, na zilitoka kwenye fungu lile lile la mwisho, la mabati. Vuli ikamkuta bibi wa watu na mabeseni sebuleni. Paa likaezekwa Februari.

Mume hakuuliza zile fedha zilikwenda wapi, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Mwezi ule ule mdogo wake mkewe alikuwa anahangaikia ada ya chuo Dar es Salaam. Mume akajumlisha moja na moja. Hakusema kitu kwa miaka, ila alianza kuomba kuona salio la akaunti, alianza kutuma fedha za kwao kwa mkono wake mwenyewe, na aliacha kumpigia simu shemeji yake, ambaye zamani waliongea mpaka vocha iishe. Mara moja tu, wakigombana kuhusu jambo jingine kabisa, maneno yalimtoka: "Si ulishasomesha kwenu kwa mabati ya mama yangu?"

Mke hakuelewa alichoambiwa. Alipokuja kuelewa, ilikuwa usiku wa manane akiwa kazini, akimgeuza mzee kitandani. Alisimama pale na mto mkononi. Alirudi asubuhi akiwa ameamua kwamba hatajitetea kwa kosa ambalo hata hajasomewa. Unaweza kumlaumu kwa kiburi hicho, lakini mwanamke anayetunza risiti za miaka saba ana haki ya kutegemea kwamba atakayemshuku ataanza na mafaili.

Barua ilikuja miaka kadhaa baadaye, bahasha nyembamba yenye maandishi madogo, ikisema mpokeaji huenda anahusika na makubaliano ya kumaliza kesi ya pamoja. Baba, ambaye kwa bahati alikuwepo nyumbani, aliitazama na kusema matapeli hao, akaitupa. Binti yao wa miaka kumi na sita aliiokota, kwa sababu tu anapenda kubishana na baba yake. Akaisoma kwa sauti.

Ilikuwa inaeleza riba ya siku ambazo hakukuwa na deni.

Kanuni ya zamani ya mikopo ya FHA ilikuwa hivi. Ukimaliza deni baada ya tarehe mosi, mkopeshaji aliruhusiwa kukutoza riba mpaka mwisho wa mwezi, hata kama ulilipa tarehe 4. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa na sharti: unapoomba kujua kiasi cha kumalizia, akueleze jambo hilo kwa fomu iliyoidhinishwa, ili ukitaka usubiri au uharakishe, uamue mwenyewe. Wakopaji walidai kwamba benki zilichukua riba bila kutoa taarifa kwa namna iliyotakiwa. Kwa kesi za aina hiyo Bank of America ilikubali kulipa dola milioni 29, na Wells Fargo dola milioni 30, bila kukiri kosa. Serikali yenyewe ilishabadili kanuni: kwa mikopo iliyochukuliwa kuanzia tarehe 21 Januari 2015, riba inaishia siku unayolipa.

Benki ya familia hii si lazima itajwe. Inatosha kwamba mama alipofungua faili la kijani, ile barua ya benki ya mwaka 2013 ilikuwamo. Binti akachukua kalamu. Mwezi mzima, dola 678. Siku nne, dola 90. Tofauti, riba ya siku 26, ni dola 588.

Mezani pakawa kimya. Baba aliivuta ile karatasi, akairudia hesabu kwa kutumia simu yake, polepole, kama mtu anayetamani ikosewe mahali.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Hukuniuliza."

Binti akasema anakwenda kufua. Mashine ya kufulia ilikuwa tayari inazunguka.

Kuhusu fedha zenyewe hakuna mengi ya kusimulia. Kesi ya pamoja, ambayo kwetu ina ndugu yake aitwaye kesi ya uwakilishi, humwezesha mtu mmoja au wachache kushitaki kwa niaba ya maelfu, kwa sababu hakuna wakili atakayekwenda mahakamani kwa dola 588 za mtu mmoja. Anayehusika hupewa nafasi ya kubaki, kujitoa ili ashitaki mwenyewe, au kubaki na kumwandikia jaji kwamba makubaliano hayamridhishi. Jaji akiridhika anaidhinisha, mawakili wanakata chao, ambacho mara nyingi ni robo au theluthi, na kinachobaki wanagawana maelfu. Taarifa ya kweli haikudai ada wala namba ya siri ya benki. Hilo ndilo baba alipaswa kuliangalia kabla ya kutupa bahasha, na kwa haki yake, matapeli wa bahasha ni wengi kweli.

Hundi iliyokuja ilikuwa ya dola 83. Binti alicheka mpaka akakaa chini. Dola 588 zimekwenda, zimerudi 83, na paa la bibi lilishapata kutu.

Lakini hundi ilikuwa imeandikwa kwa majina mawili, na benki ikataka sahihi mbili nyuma yake. Ilikaa juu ya friji wiki nne ikisubiri baba arudi, kisha azoee, kisha apate kalamu. Mama hakumkumbusha. Alipofika zamu ya Jumamosi usiku aliikuta imo kwenye mkoba wake, imeshatiwa sahihi moja, na imekunjwa vizuri kuliko anavyokunja kitu chochote mwanamume yule.

Jumapili alipoamka saa nane mchana, alimsikia mumewe sebuleni akiongea na simu kwa sauti ya juu, akimbishia mtu kuhusu Simba na Yanga. Alikuwa anamwita shemeji. Waliongea karibu saa nzima. Kuhusu mabati hakugusia.