Kamera ya Binti Yangu

Akina mama wenzangu, habari hii nimekaa nayo karibu miaka mitatu bila kuiandika, kwa sababu ndani yake mna kosa langu. Mama wa mtoto ninayemsimulia ameniruhusu kuieleza, mradi nisitaje jina wala kijiji. Basi nitasema tu kwamba tunaishi Ushetu, upande wa tumbaku, na kwamba mimi ni muuguzi wa kituo cha afya, kazi ambayo nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini.

Binti yetu wa pili alipomaliza kidato cha sita, baba yake na mimi tulikwisha kupanga kwamba ataingia chuo cha uuguzi. Nilikuwa nimemwekea hata saa yangu ya kubandika kifuani, ile niliyopewa nilipohitimu. Siku tulipomketisha kuzungumza habari za fomu, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye anataka kusomea upigaji picha. Nilidhani ni utani. Nikamwambia kila mtu ana simu mfukoni, nani atakulipa? Nikaongeza kwamba kamera hailiwi, na kwamba siku akirudi na njaa asinitafute mimi. Mama kumwambia mwanawe neno kama hilo si jambo la kujivunia.

Aliyelegea kwanza ni baba yake. Tumbaku ilikuwa imepata bei mwaka huo, akasema, "Mwache ajaribu mwaka mmoja, akishindwa atarudi kwenye fomu yako." Akaenda Mwanza, katika chuo kimoja chenye kozi ya picha na video. Kamera tulimnunulia iliyokwisha kutumika, nzito kama tofali.

Julai 2022 akaja likizo na kazi ya chuo. Alitakiwa kuchagua mtu mmoja tu na kumpiga picha katika mianga tofauti na kutoka pembe tofauti, kisha aandike alichojifunza. Mimi nilicheka. Mtu mmoja siku kumi? Picha moja haitoshi?

Akamchagua bibi mmoja jirani yetu, mkwe wa huyo mama niliyemtaja. Bibi huyo ndiye aliyekuwa akilea mjukuu wake wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minane wakati mama yake yuko shambani. Baba wa mtoto alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita, na kama mnavyojua waume wa machimbo, ukimpata kwenye simu mara moja kwa mwezi shukuru.

Kila siku alfajiri saa kumi na mbili na nusu binti yangu alikuwa tayari uani kwa bibi, akingoja jua lipenye mlangoni. Saa sita mchana alirudi tena, ingawa mwenyewe aliniambia kwamba jua la utosini ni baya, linamjaza mtu vivuli machoni mpaka aonekane ana fuvu. Alinionyesha jinsi udongo wetu mwekundu unavyorudisha mwanga chini ya kidevu, hata uso wa bibi ukapata rangi kama ya chungu kipya. Alilala kifudifudi mavumbini apige kutoka chini, akapanda juu ya mwembe apige kutoka juu. Majirani walikufa kwa kicheko: "Mama, binti wa nesi amepatwa na nini?" Nami nilijisikia haya, sitaficha.

Jambo moja lilinigusa. Nilimuuliza kwa nini katika picha zangu za utotoni, zile ambazo mpiga picha alikuja na baiskeli kutoka Kahama na kuzirudisha baada ya wiki mbili, sisi sote tumetoka weusi tititi, meno na macho tu. Akasema kosa halikuwa la ngozi zetu wala la yule baba wa baiskeli. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilisambaza kwenye maabara za kusafishia picha kadi yenye sura ya mwanamke Mzungu, na mafundi walilinganisha rangi kwa ngozi yake. Kamera nayo hupima mwanga wa eneo zima. Ukimweka mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, inadhani mwanga umezidi na inaupunguza. "Inabidi uiambie hapana," alisema, "uuongeze mwenyewe mpaka uso uonekane." Nilikaa kimya. Nina picha ya marehemu mama yangu ambayo siwezi kuuona uso wake vizuri.

Siku ya saba akatuita kwenye bani la tumbaku, ambalo kwa mwezi huo lilikuwa tupu. Alikuwa ameziba matundu yote kwa udongo na kuacha moja la ukubwa wa msumari mlangoni, akatundika shuka jeupe ndani. Tulipoingia na kufunga, mwanzoni sikuona kitu. Kisha kwenye shuka ukatokea uwanja wetu wote kichwa chini: mwembe umeshika mizizi juu, mbuzi wanatembea miguu hewani, na baba watoto anapita na jembe kama anayetembea darini. Bibi akashika kichwa akasema kwa Kisukuma maneno ambayo sitayatafsiri. Binti yangu akatueleza kwamba mwanga husafiri mstari ulionyooka, kwa hiyo unaotoka juu huangukia chini na wa chini huenda juu, na kwamba mwanachuoni Mwarabu, Ibn al-Haytham, aliandika juu ya mambo haya miaka elfu moja hivi iliyopita. Jicho la binadamu nalo, akasema, ni bani lenye tundu moja.

Mle bani, katika giza, ndipo alipompiga bibi na mjukuu picha kwa taa ya kamera, ile flashi. Mtoto alikuwa anacheka kwa sababu ya mbuzi.

Usiku akaja jikoni na kamera yake. "Mama, hebu nitazamie. Jicho hili linanikatalia." Akaniambia kwamba chuoni walifundishwa kwamba flashi ikipigwa gizani huleta macho mekundu, na kwamba hilo ni kosa la kurekebishwa. Alichoshangaa ni kwamba jicho la kulia la mtoto lilikuwa limetoka lenye wekundu wa machungwa, kama ya watu weusi wengi, lakini mboni ya kushoto ilikuwa nyeupe, kama kipande cha kaure. Alifikiri amekosea pembe. Kwa hiyo akapiga tena kutoka mbele, kutoka kulia, kutoka kushoto na kutoka chini, picha tisa kwa jumla. Katika zote tisa, jicho la kushoto lilikuwa jeupe.

Mwiko uliniponyoka mkononi.

Niwaeleze kwa lugha nyepesi. Gizani mboni hupanuka. Mwanga wa flashi huingia hadi nyuma ya jicho, penye utando uliojaa damu, nao hurudi ukiwa na wekundu wa damu hiyo. Ukirudi mweupe, huenda kuna kitu kimesimama njiani. Kinaweza kuwa mtoto wa jicho, ambaye hata watoto wachanga huzaliwa naye. Kinaweza pia kuwa saratani ya jicho, ile inayowapata watoto wadogo, hasa chini ya miaka mitano. Picha moja peke yake haitoshi kumtisha mtu, maana kutoka pembe fulani mwanga huangukia pale mshipa mkuu wa jicho unapoingilia, napo ni peupe hata kwa mtoto mzima. Lakini binti yangu, bila kujua anachokitafuta, alikuwa ameshaziondoa pembe zote hizo. Kazi ya chuo ndiyo iliyomlazimisha kurudia.

Kosa langu ndilo hili. Miezi minne kabla ya hapo, kliniki ya watoto, yule mama aliniambia, "Nesi, hili jicho la kushoto kama linakimbilia puani." Benchi zilikuwa zimejaa. Nilimtazama mtoto juu juu, nikaandika uzito, nikamjibu kwamba watoto wengi huwa hivyo na litakaa sawa. Kwa mtoto wa miezi miwili mitatu jibu hilo lina haki. Kwa mtoto aliyepita mwaka, makengeza mapya ni jambo la kupelekwa kwa mganga wa macho siku hiyo hiyo. Nilifundishwa hivyo chuoni, na nilikuwa na tochi mfukoni.

Asubuhi nilikwenda kwa bibi kabla ya jua. Nilipomwonyesha picha, hakushangaa hata kidogo. Alijifunika uso kwa kanga akaanza kulia. Kumbe yeye alikuwa ameliona tangu masika. Jioni, akiwa amembeba mtoto karibu na kibatari, aliona jicho linang'aa kama la paka. Akanyamaza.

Wasomaji wa mbali huenda wasielewe kwa nini bibi anyamaze. Sisi wa kanda hii tunajua. Hapa Usukumani vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, na mara nyingi ushahidi ulikuwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Bibi huyu ana macho hayo. "Mayu," aliniambia, "mimi nina macho mekundu na mjukuu wangu ana jicho la paka. Watasema nini?" Sikuwa na la kumjibu. Nilikaa naye chini, nikamwambia kwamba hata mimi niliambiwa nikanyamaza, tena mimi nina cheti.

Mambo yaliyofuata nitayapita haraka. Baba wa mtoto alipatikana siku ya tatu, akakataa, halafu akakubali baada ya mume wangu kuongea naye kwa muda mrefu nje kwenye mwembe palipo na mtandao. Kikundi chetu cha akina mama kanisani kilichanga nauli na fedha za kula. Tulipanda basi la alfajiri kutoka Kahama, mimi, mama na mtoto, hadi hospitali ya rufaa Mwanza. Ilikuwa saratani. Jicho la kushoto lilitolewa mwezi Agosti. Vipimo vya nyama vilionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa haujatoka nje ya jicho, na jicho la kulia lilikuwa salama. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu hupona; kwetu wengi huletwa jicho likiwa limekwisha kuvimba na kutokeza nje. Daktari aliuliza ni nani aliyegundua mapema. Mama wa mtoto akajibu, "Ni nesi." Nilimsahihisha.

Usiku ule wodini nilimkumbuka muuguzi mmoja tuliyesimuliwa chuoni, sista Ward wa hospitali ya Rochford, Uingereza. Mwaka 1956 alikuwa na desturi ya kuwatoa nje watoto njiti wapate jua. Akaona kwamba mtoto mwenye manjano amepauka kila mahali isipokuwa pale shuka lilipomfunika, akamwonyesha daktari. Matokeo yakachapishwa mwaka 1958, na kutokana na hayo tuna taa za buluu zinazotibu manjano ya watoto wachanga. (Ni taa maalumu, wapendwa, si kumwanika mtoto juani.) Mimi mwenyewe kila siku humsogeza mtoto mchanga dirishani na kumbonyeza ngozi ya pua nione kama ana manjano. Nusu ya kazi yangu ni mwanga, nami nilikuwa nikimwambia mwanangu kwamba mwanga haulipi.

Siku hizi simu nyingi hufuta wekundu wa macho zenyewe, hivyo msizitegemee sana kwa jambo hili. Lakini mkiona katika picha za mtoto jicho moja linarudia kuwa jeupe, au macho yameacha kwenda pamoja, msingoje tarehe ya kliniki. Na nesi akikujibu juu juu kama nilivyojibu mimi, mwambie achukue tochi.

Chuoni binti yangu alipata alama za kawaida tu. Mwalimu alisema picha zake za bani zina kivuli kibaya upande wa kushoto, na macho mekundu hayakurekebishwa. Amekwisha kuhitimu, anapiga picha za harusi na za vyeti Kahama, na baba yake bado humuuliza mara moja moja habari za ile fomu ya uuguzi.

Mtoto ana jicho la bandia, naye hulitoa mbele ya wageni ili awatishe. Mwezi uliopita bibi alitaka picha ya ukutani. Binti yangu akamkalisha upande wa dirisha ili macho yaangukie kivulini, akidhani ndivyo atakavyopenda. Bibi akageuza kiti mwenyewe akaukabili mwanga, akamwambia, "Piga hivi hivi, yaonekane."