Kutafuta Ubovu Katika Waya

Ni siku nyingi tangu nilipoondoka shuleni kwetu, na sasa nakaa katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, huko Marekani. Nataka kuwaeleza habari za waya mmoja uliofichwa ndani ya ukuta, na jinsi tulivyoutafuta ubovu wake, kwani naona habari hizi zafundisha zaidi ya mambo ya nyaya.

Kwanza tuutazame waya wenyewe. Huitwa koaksia. Katikati yake mna uzi mmoja wa shaba, au wa chuma kilichovikwa shaba. Uzi huo umezungukwa na plastiki. Juu ya plastiki pana karatasi nyembamba ya alumini na wavu wa nyuzi ndogo ndogo za madini. Kisha ngozi ya nje. Kwa kuwa wavu umeuzunguka uzi pande zote, mawimbi ya ndani hayatoki ovyo, wala ya nje hayaingii ovyo. Mwingereza Oliver Heaviside alipewa hati ya uvumbuzi wa namna hii mwaka 1880. Mwaka 1931 Wamarekani Lloyd Espenschied na Herman Affel nao walipewa yao, kwa waya uwezao kuchukua mazungumzo mengi ya simu kwa pamoja. Baadaye waya huu ukawa njia ya kuletea watu televisheni majumbani, ndiyo sababu nyumba nyingi za Marekani zinao karibu kila chumba.

Mwaka 2004 makampuni kadhaa yaliunda umoja uitwao MoCA, ili kupitisha mtandao wa nyumbani katika nyaya hizo hizo. Kanuni yao ya 2.5, iliyotoka mwaka 2016, yaruhusu hata gigabiti 2.5 kwa sekunde. Katika nyumba kama yetu, mawimbi ya televisheni na ya modemu hayapiti megahezi 1000 hivi, na yale ya MoCA hutumia 1125 mpaka 1675. Basi hupita pamoja katika waya mmoja bila kugombana.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuja kukaa nasi akisomea uuguzi. Chumba chake ki chini ya ardhi, na ruta i juu sebuleni, hata waifai haikumfikia ila kwa taabu. Mtihani wake wa mwisho wa muhula ulikuwa ufanywe nyumbani kwa kompyuta, huku kamera ikimtazama; intaneti ikikatika kwa dakika chache tu, mtihani hufutwa. Nanyi mjue kwamba karo ya muhula ule ilitokana na ng'ombe wanne wa dada yangu waliouzwa huko nyumbani. Zilikuwa zimebaki siku tisa, na mwenye nyumba alikataza kutoboa kuta zake.

Tukanunua adapta mbili za MoCA. Moja tukaifunga sebuleni karibu na ruta, ya pili chumbani kwake. Taa ya koaksia ikakataa kuwaka. Jirani mmoja akasema adapta ni mbovu, tuzirudishe dukani. Fundi mmoja tuliyempigia simu akasema hapana dawa ila kuvuta waya mpya, akataja bei ambayo sikuimudu. Mpwa wangu akanitazama akasema, "Mjomba, hawa wote wametoa hukumu kabla ya kusikiliza mashahidi." Akatwaa daftari, akaandika kila kitu kilichokuwa njiani baina ya adapta ya juu na ya chini, nasi tukaanza kukichunguza kimoja kimoja.

Shahidi wa kwanza alikuwa adapta zenyewe. Tuliziweka juu ya meza moja, tukaziunga kwa waya mpya mfupi. Punde taa zikawaka. Kumbe adapta hazikuwa na hatia! Kazi hiyo haikupita dakika tano, nayo ilituokolea safari ya dukani.

Shahidi wa pili alikuwa nyaya za ukutani. Chini ya ngazi tulikuta kisanduku, na ndani yake nyaya sita zisizo na alama yo yote, pamoja na splita moja ya njia nne. Waya wa chumbani ni upi? Tuliacha adapta moja chumbani, tukaichukua ya pili mpaka kisandukuni na kuijaribu katika kila waya. Wa nne ukawasha taa. Mpwa wangu akaufunga kitambaa chekundu. Na wa sebuleni, tulipoupata kwa njia ile ile, akaufunga cha kijani. Ule mwekundu tuliukuta ukining'inia, haukuungwa na cho chote. Mashine zetu zilikuwa zikiitana kwa njia isiyokuwapo.

Tukauunga na splita. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka tena, ikazima. Basi splita ikawa shahidi wa tatu. Mgongoni mwake paliandikwa 5–1000 MHz. Splita nyingine za zamani huyapitisha mawimbi ya MoCA kwa bahati tu. Hii haikuwa na bahati hiyo. Ili tupate yakini, tuliiondoa, tukaunga wekundu na kijani moja kwa moja kwa kiungio kidogo. Taa ikatulia. Intaneti ilikatika kwa muda, maana waya utokao nje tulikuwa tumeuweka kando, lakini tulikuwa na swali moja tu, nalo lilijibiwa. Tukanunua splita ya njia mbili iliyoandikwa 5–1675 MHz. Splita ya njia nne hugawa nguvu mafungu manne hata kama watumiaji ni wawili; na mdomo usiotumika yafaa ufungwe kwa kifuniko cha omu 75, kwani mawimbi yakifika penye mdomo mtupu hurudi kama mwangwi na kuyasumbua mengine. Pale uingiapo waya wa nje tukaweka filta, ili mawimbi yetu yasiende kwa jirani.

Tulidhani tumekwisha. Siku ya sita ikakatika tena, na mpwa wangu akagundua kwamba hukatika kila asukumapo meza yake ukutani. Tukafungua kibao cha ukutani. Katika kichwa cha waya, unywele mmoja wa ule wavu ulikuwa ukiugusa uzi wa katikati kila waya ulipopindwa. Tukakata kile kichwa, tukafunga kipya kwa koleo lake.

Siku ya mtihani alikaa saa mbili nzima, na taa haikupepesa hata mara moja. Majibu yenyewe hayakuwa kazi ya waya; hayo yalikuwa juu yake, na alifaulu.

Ndugu wanafunzi, huko kwetu nyaya hizi ni chache, na wengi wetu hupata intaneti kwa simu. Lakini siku moja pampu ya maji itakataa, au taa ya jua, au pikipiki ya baba, na watu watasimama kuizunguka kila mmoja akitaja ubovu autakao yeye. Andikeni njia yote toka mwanzo mpaka mwisho. Anzeni na jaribio lisilogharimu kitu. Badilisheni kitu kimoja tu kwa mara moja, kwani mgonjwa anayemeza dawa tatu pamoja, hata akipona, hajui ni ipi iliyomponya. Tena mkishapona, wekeni alama. Vile vitambaa viwili vimo bado kisandukuni chini ya ngazi, na daftari limening'inizwa kando yake, ili atakayepanga nyumba ile baada yetu asipapase gizani.