Neno Lenye Milango Mia Sita

Kuna neno la Kiingereza lenye herufi tatu tu ambalo mtoto hulijua katika wiki zake za kwanza shuleni, na ambalo msomi aliyezeeka na kamusi zake hawezi kulimaliza. Neno hilo ni "run". Mtoto huambiwa kwamba maana yake ni kukimbia, na katika kitabu chake kuna picha ya mvulana aliyekunja viwiko, mguu mmoja hewani. Mtoto huyo hajadanganywa, ila ameonyeshwa mlango mmoja wa nyumba yenye milango mia sita na zaidi.

Sisemi mia sita kwa kutia chumvi. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford English Dictionary, lililotoka mwaka 1989, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set", ambalo kitenzi chake kilipewa maana 430. Wahariri walipoipitia upya kamusi hiyo, "run" likalipita. Mhariri Peter Gilliver alikaa na neno hilo kwa takriban miezi tisa, muda wa mama kubeba mimba, na alipomaliza, kitenzi peke yake kilikuwa na maana 645.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja nchini Uganda, na masomo yangu ni Kiswahili na Kiingereza. Mwaka jana mwalimu wetu wa tafsiri alitugawia sentensi kumi na mbili za Kiingereza, kila moja ikiwa na neno hilo, akatuambia tuzilete kwa Kiswahili. Alitoa sharti moja: atakayetumia "kukimbia" zaidi ya mara moja asimame aeleze sababu. Tulicheka. Baada ya nusu saa hakuna aliyekuwa akicheka.

Hebu msomaji, tuzipitie chache. Bomba la Mwingereza linapokuwa "running", letu linatoka maji. Kitambaa chake kipya kikifuliwa, rangi "runs". Kwetu kitambaa kinachuja. Pua yake hufanya vivyo hivyo, na sisi tunasema makamasi yanamtoka. Homa naye huiendea mbio, wakati sisi tunayo tu, kama mtu aliye na mgeni nyumbani. Akikutana na rafiki njiani bila kutarajia, ameingia ndani yake mbio. Sisi tumekutana ghafla, na tukiwa na haraka tumegongana. Mambo yakifika mwisho wake baada ya muda mrefu, yeye anaona mbio ndefu, na sisi tunasema "hatimaye" tukaendelea na kazi.

Sentensi mbili zilitukalisha zaidi ya nyingine. Ya kwanza ilihusu mtu anayetaka ubunge. Mmarekani anayetaka kiti hukikimbilia, na Mwingereza husimama kwa ajili yake: mmoja hutumia "run", mwingine "stand". Sisi tunasema anagombea, na kugombea ni ndugu wa kugombana na ugomvi. Darasa zima lilikubaliana kwamba, kwa chaguzi tulizoziona sisi, Kiswahili kimeielewa shughuli hiyo kuliko wote.

Ya pili ilikuwa ya mama aliyeishiwa chumvi. Kwa Kiingereza mama huyo ndiye mtendaji: amekimbia hadi akaivuka chumvi yake. Kwa Kiswahili chumvi imeisha, naye ameishiwa. Hakufanya lolote, jambo limemfika. Mtu aliyewahi kufungua kopo tupu jioni, moto ukiwa umeshawaka, anajua kwa nini kitenzi chetu kimekaa katika kauli ya kutendwa.

Lakini kuna mahali lugha hizi mbili hukutana kwa namna ya kushangaza. Mwingereza hutumia "run" kwa duka, kwa mkutano na kwa mashine, na sisi kwa vyote hivyo tuna "kuendesha", yaani kufanya kitu kiende. Hapa Uganda mtu mwenye kuhara husema kwa Kiingereza chetu kwamba ana "running stomach", na Mswahili naye husema tumbo linaendesha. Meneja wa kampuni na mgonjwa wa tumbo, wote wawili wanaendesha. Mwalimu aliposema hivyo darasa lilipasuka kwa kicheko, akatuachia dakika nzima.

Kisha akatuuliza kama Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Tukanyamaza, mpaka mwenzetu mmoja kutoka Bujumbura akasema polepole, "Kupiga." Hapo tukaona. Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga hodi, tunapiga magoti na kupiga chafya, na katika yote hayo hakuna anayeumizwa. Mgeni anayejifunza lugha yetu na kuambiwa kwamba kupiga ni kumchapa mtu, ana haki ya kuogopa kupigiwa simu.

Kwa nini basi hatuchanganyikiwi? Kwa sababu neno halitembei peke yake. Anayesikia "piga pasi" hasikii kupiga halafu pasi. Anasikia jambo moja. Majirani wa neno ndio wanaofunga milango yote isipokuwa mmoja. Kwa Kiingereza majirani hao mara nyingi ni vineno vidogo vinavyofuata kitenzi: "out", "into", "away", "for". Kwa Kiswahili majirani wengi wanaishi ndani ya kitenzi chenyewe. Tazama "kimbia". Nikikimbilia, nina mahali ninapokwenda, na mahali hapo panaweza kuwa kimbilio langu. Nikikimbiza, kuna aliye mbele yangu, au mgonjwa ninayemwahisha hospitali. Nikimkimbia mtu, nimemwacha. Silabi moja inaingia katikati ya neno na habari yote inageuka.

Kutoka mzizi huo huo tuna watu wawili, mkimbiaji na mkimbizi. Mkimbiaji hukimbia kwa hiari yake, na mbio zikiisha anarudi nyumbani. Mkimbizi hana hiari, na nyumbani ndiko alikotoka mbio. Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 kulikuwa kwa mara ya kwanza na timu ya wakimbizi, wanamichezo kumi, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji wazaliwa wa Sudan Kusini. Nilipowatazama nilijua kwamba ni Kiswahili tu, kati ya lugha ninazozijua, kingeweza kuwaita kwa majina yote mawili bila kubadilisha mzizi.

Jambo hili linanigusa kuliko wenzangu wengi wa darasani. Nilizaliwa katika kijiji kimoja cha eneo la Rutshuru, Kivu ya Kaskazini. Julai 2012, vita vya M23 vilipofika kwetu, nilikuwa na miaka kumi. Asubuhi hiyo baba alikuwa kwa mama yake, ng'ambo ya soko, na mama alikuwa nyumbani na sisi watoto watatu. Risasi zilipoanza, njia kati ya nyumba hizo mbili zikafungika. Mama akatushika mikono tukafuata umati uliokuwa unaelekea Bunagana, kwenye mpaka wa Uganda. Baba alimbeba mama yake mgongoni, akafuata umati mwingine uliokuwa unaelekea Goma.

Katika ofisi tulikoandikishwa Uganda, ofisa aliuliza maswali kwa Kiingereza na kijana mmoja akayageuza kwa Kiswahili.

"Mama, bwana yako yuko wapi?"

Mama akajibu kwa Kiswahili chetu cha Kivu: "Alikimbiaka."

Kijana akamwambia ofisa, "He ran away." Ofisa akaandika.

Nimeirudia tafsiri ile mara nyingi kichwani, na sioni pa kuikosoa kisarufi. Mtu aliyekimbia vita, kwa Kiingereza, "ran away". Tatizo ni kwamba mtoto aliyetoroka shule naye "ran away", na mume aliyetelekeza mke na watoto naye vivyo hivyo. Ofisa alikuwa na mama mmoja mbele yake, watoto watatu na hakuna mwanamume. Akaingia mlango uliokuwa karibu. Katika karatasi zetu tukawa familia iliyokimbiwa na baba.

Goma nayo ilipoingiwa na waasi mwezi Novemba, baba aliondoka tena na mama yake, na mwanzoni mwa 2013 wakatufikia. Jina lake halikuwa kwenye kadi yetu. Akaitwa ofisini, na swali likaja kwa Kiingereza na kufasiriwa hivi: "Kwa nini uliikimbia familia yako?"

Liangalie swali hilo, msomaji. Mama alisema "alikimbia", bila kitu katikati. Neno likavuka mpaka kuingia Kiingereza likiwa hivyo, na liliporudi kwa Kiswahili lilikuwa limebeba silabi ambayo hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyewahi kuitia: u-li-i-kimbia. Silabi hiyo moja ilikuwa shtaka.

Baba akajibu, "Sikuikimbia. Nilikimbia."

Kwa Kiswahili jibu hilo limetimia. Hata mtoto analielewa, na mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni nililielewa. Mfasiri alinyamaza kidogo, kisha akatoa maneno ya Kiingereza yaliyosikika kama ya mtu anayekana na kukiri kwa pumzi moja. Ofisa akatikisa kichwa na kusema suala litachunguzwa.

Uchunguzi ulichukua miezi mitano. Kwa miezi hiyo watu sita tulikula mgao wa watu wanne. Njaa tuliizoea. Baba hakuzoea minong'ono ya foleni ya maji, kwamba huyo ndiye aliyemkimbia mkewe na sasa amefuata chakula. Alianza kuchota maji usiku.

Aliyelimaliza jambo lile alikuwa mfanyakazi mpya, mwanamke aliyejua Kiswahili. Alimwita mama, akasoma faili, akauliza swali moja: "Alikimbia nini?" Mama akajibu, "Vita." Swali na jibu havikufika nusu dakika.

Sisimulii haya ili nimlaumu kijana yule wa kwanza. Alikuwa amekaa juani tangu asubuhi akibeba maneno ya watu waliochoka, na neno alilolitoa lilikuwa sahihi. Ninachotaka kusema ni kwamba neno lenye maana nyingi halina hatari nyumbani kwake, kwa sababu hapo majirani zake wako nalo. Hatari iko mpakani, pale linapovushwa peke yake na kukabidhiwa mtu atakayelichagulia majirani wengine. Na katika nchi zetu hizi mpaka huo uko kila mahali: katika zahanati, polisi, mahakamani, shuleni siku ya wazazi. Mwaka 2022 serikali ya Uganda iliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, na wengi wetu tunaosoma somo hili tunafikiria ualimu. Naomba tufikirie ukalimani pia, kwa sababu kazi hiyo bado mara nyingi hupewa mtu yeyote aliye karibu anayejua lugha mbili.

Wakati wa likizo mimi hukaa katika zahanati moja ya karibu na kwetu, nikiwafasiria wazee waliotoka Kongo. Ninapokutana na kitenzi kilicho uchi sikivushi kwanza. Nauliza: alikimbia nini, alimkimbia nani, au alikimbilia wapi? Wauguzi wengine huona ninawachelewesha. Nawaomba radhi, na nauliza hata hivyo.

Miezi tisa ya mhariri wa Oxford naiheshimu, na natamani siku moja mtu akae na "kupiga" kwa subira ya namna hiyo. Ila kati ya maana zile 645, familia yangu ilihitaji mbili tu, na mtu wa kuuliza ni ipi kati ya hizo.