Seva Imesahau, Swichi Inakumbuka



Juma hili napenda tutafakari jambo ambalo wengi wenu huenda hamjawahi kulisikia, ingawa linawagusa kila mnapoingia hospitalini au benki: namna ya kuirudisha seva ya uthibitishaji wa mtandao katika hali yake ya mwanzo, ili mwanafunzi apate kufanyia mazoezi. Nimelichagua kwa sababu vijana wetu kadhaa wanasomea kazi hiyo, nami nimeketi nao jioni nyingi wakijifunza.

Kwanza tuelewe seva hiyo ni kitu gani. Katika taasisi kubwa, si kila mwenye kompyuta mpakato anayeruhusiwa kuchomeka waya ukutani na kuingia. Swichi, yaani kile kifaa kinachounganisha kompyuta nyingi, humwuliza bawabu kwanza. Bawabu huyo ndiye seva ya uthibitishaji. Yeye hushughulika na maswali matatu: wewe ni nani, umeruhusiwa kufika wapi, na umetumia nini tangu ulipoingia. Mazungumzo yao hufuata utaratibu uitwao RADIUS, uliobuniwa na kampuni ya Livingston mwaka 1991, na ambao waraka wake unaofuatwa, RFC 2865, ulitolewa mwaka 2000. Maombi ya kuingia hupitia mlango namba 1812, na taarifa za matumizi mlango namba 1813. Vijana wetu hutumia programu ya Cisco iitwayo ISE, ambayo kwa majaribio hutolewa leseni ya siku 90 kwa vifaa visivyozidi 100.

Sasa, kwa nini mtu afute kazi iliyokwisha kufanyika? Sababu ni kwamba seva ya maabara hupokezanwa. Aliyetangulia ameacha watumiaji wake, orodha yake ya swichi na kanuni zake. Anayefuata huandika kanuni yake, pengine kwa makosa, kisha hujaribu na kukubaliwa. Hufurahi, kumbe aliyemfungulia mlango ni mwenzake wa juma lililopita, kwa maana seva husoma kanuni kutoka juu kwenda chini na kushika ile ya kwanza inayolingana. Wahenga walisema cha kuazima hakistiri maungo. Kijana huyo ataondoka maabara akiamini kwamba anajua, na siku atakapokabidhiwa mtandao mtupu ndipo upungufu wake utakapoonekana mbele ya watu.

Kwa sababu hiyo huiandikia seva amri ya application reset-config ise. Seva haitii papo hapo. Huuliza kwanza kama kweli unataka kurudi mwanzo. Ukikubali, huuliza kama ivihifadhi vyeti vyake vilivyopo, na baadaye hutaka jina na nywila ya msimamizi mpya. Kisha hujenga kanzidata yake upya, kazi inayohitaji subira. Itakapoamka, kanuni, watumiaji wa ndani na swichi zilizosajiliwa vyote vitakuwa vimeondoka.

Hapa ndipo penye fundisho ninalotaka tulishike. Kurudi mwanzo si kusahau kila kitu, wala si kusahauliwa na kila mtu. Anwani ya seva, jina lake na nywila ya kuingilia kwenye ukurasa wa amri hubaki, kwa kuwa hivyo ni vya mfumo ulio chini ya programu. Nje ya seva nako hakuna kilichobadilika. Swichi bado inaijua anwani ya bawabu na bado inalo neno la siri walilokubaliana. Inaendelea kutuma maombi kama jana, lakini bawabu haitambui tena. Waraka nilioutaja unaagiza kwamba ombi kutoka kwa kifaa kisichokuwa na neno la siri lililosajiliwa litupwe kimyakimya. Halikataliwi, halijibiwi kabisa. Mwanafunzi mgeni hudhani waya umekatika, akahangaika na waya saa nzima, kumbe anachopaswa kufanya ni kuisajili swichi upya kwa neno lile lile.

Ndivyo ilivyo pia kwa Active Directory, daftari kuu la watumishi wa taasisi. Seva inaporudi mwanzo hujitoa humo, na ni lazima iunganishwe tena kwa mkono. Saa za pande mbili zikipishana zaidi ya dakika 5, ambacho ndicho kiwango cha kawaida, uthibitishaji kati yao hukataliwa. Kwa hiyo anayejua kazi yake hutazama saa kabla ya kulaumu nywila.

Nimewasikia wengine wakisema: kwa nini tusichukue tu picha ya kompyuta pepe nzima na kuirejesha tukimaliza? Katika maabara ya mtu mmoja njia hiyo ni ya haraka. Lakini picha hurudisha kila kitu kama kilivyokuwa, pamoja na makosa yaliyokuwamo. Tena Cisco wenyewe hawazikubali picha hizo kuwa njia ya kuhifadhi data za ISE, kwa kuwa seva zinazofanya kazi pamoja hulinganisha data zao wakati wote. Njia iliyo salama ni kutoa nakala ya akiba kabla ya kufuta. Nakala hiyo hufungwa kwa ufunguo wa siri. Aliyeupoteza ufunguo amepoteza na nakala.

Na neno la mwisho ni la tahadhari. Amri hii ni ile ile katika maabara na katika hospitali. Herufi moja ya kukubali, ikiandikwa kwenye seva isiyo ya mazoezi, huweza kumwacha muuguzi wa zamu ya usiku mbele ya kompyuta isiyompatia faili la mgonjwa. Ndiyo maana nawasihi vijana wetu wasome jina la seva kwa sauti kabla ya kujibu swali lake. Nanyi wazazi, mkimwona kijana anafuta kazi ya siku tatu na kuianza tena kutoka sifuri, msimwone mvivu wala mharibifu. Anapima kilichomo kichwani mwake mwenyewe, mahali ambapo kukosea hakumwumizi mtu.