Alichora Yai Moja Siku 40, Mtaa Ukamcheka... Soma Kilichofuata

Kuna dada mmoja pale Singida mjini, ana miaka 24. Mchana anauza mafuta ya alizeti kwenye kibanda cha familia kando ya barabara kuu, madumu yamepangwa mstari yanasubiri wasafiri. Lakini Instagram walimjua kwa kitu kingine kabisa: kuchora sura za mastaa. Kila akiposti, likes kama zote.

Siri aliijua mwenyewe. Alikuwa anaprinti picha, anaweka karatasi juu yake, anafuata mistari. Basi.

Siku moja mama mmoja mjane akampa oda. Mumewe alifariki akaacha picha moja tu ya maana, ya paspoti. Wakakubaliana elfu 60, nusu advansi. Kazi ikatoka, ikatiwa fremu, mtaani kila mtu "dada umeua!" Mama akaitazama weee, halafu akasema taratibu, "Mwanangu, mistari ni yake. Ila huyu siye."

Hakugomba, hata hela yake hakudai. Hapo ndipo palipouma. Usiku ule ule dada akamrudishia elfu 30 kwa simu, akaacha kuposti.

Tatizo lilikuwa nini? Picha ya paspoti hupigwa kwa flashi ya usoni, na flashi inafuta vivuli. Pua, mashavu, matundu ya macho, vyote vinabaki bapa. Ukifuatisha mistari yake unapata ramani ya uso, uso wenyewe hupati. Ili aurudishe, ilibidi ajue mwanga unavyoanguka kwenye kitu cha mviringo. Na hilo hakulijua.

Akaomba chumba cha stoo nyuma ya nyumba, akakiita studio. Majirani wakajua anaenda kurekodi Bongo Fleva! Walipochungulia wakakuta meza, dirisha moja lililofunikwa shuka jeupe ili jua lisipige kwa ukali, na yai moja la kuku wa kienyeji. Singida nzima inasifika kwa kuku, yeye kachukua yai. Vicheko ndiyo vikaanzia hapo.

Ratiba yake ilikuwa saa 12 asubuhi mpaka saa 1 na nusu, kisha kibandani. Rangi ni zile za maji za ukutani: nyeupe, nyeusi, na vichupa vichache vya kuchanganyia. Hadibodi ilikuwa moja tu. Akimaliza anaipiga picha, anaandika tarehe, anaipaka nyeupe, kesho anaanza upya.

Wiki ya kwanza yai lilitoka kama kiazi. Wiki ya pili akagundua kwamba yai "jeupe" lina weupe kidogo sana. Upande wa kivuli ni kijivu, na chini kabisa linaokota rangi ya meza. Akajifunza kufinya macho mpaka vitu vidogo vipotee, abaki na giza na mwanga tu. Akajifunza kugeuza mchoro juu chini, maana kosa ulilolizoea huwa halionekani mpaka uligeuze.

Instagram followers wakapungua. Mtu akakomenti, "Vipi, umefulia?" Hakujibu. Kuna asubuhi hakutaka kabisa kuamka, na kuna siku alichora vibaya kuliko jana yake. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna anayeiposti.

Siku ya 40 akaweka picha ya kwanza na ya mwisho pamoja kwenye simu. Akacheka peke yake. La mwisho ungeweza kulikaanga.

Baada ya yai akahamia kwenye mawe makubwa ya pembeni ya Ziwa Kindai, kisha uso wake mwenyewe kwenye kioo. Hayo mambo ya kurudia si mapya. Jirani tu hapo Kondoa, mkoani Dodoma, kuna michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na kuna sehemu michoro myeupe imepakwa juu ya ile ya zamani myekundu. Watu walirudi kwenye jiwe lile lile. Na Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968, rangi za baiskeli juu ya hadibodi, akafariki mwaka 1972. Miaka minne tu, na leo staili nzima inaitwa kwa jina lake.

Mwezi wa tisa wa mazoezi, dada akabisha hodi kwa yule mama. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Akafunua mchoro mpya, hakuomba hata mia. Safari hii mwanga ulitoka upande mmoja, kama mzee ameketi karibu na dirisha.

Mama akanyamaza. Akagusa fremu. "Macho ni yeye," akasema. "Mdomo bado kidogo. Alikuwa ananyanyua upande huu akitaka kucheka." Kisha akautundika sebuleni, akaenda kuweka chai.

Kesho yake saa 12 asubuhi taa ya stoo ilikuwa inawaka. Dada yuko mbele ya kioo, ananyanyua upande mmoja wa mdomo, anachora.

Wewe je, kuna kitu unachokifanya kila siku bila kumposti mtu yeyote? Funguka hapo chini.