Nyundo Moja Mpya

Wenye mashine za kusaga wa Ruangwa na Nachingwea wananiita fundi wa mtikisiko, na wengi hunipigia simu wakiwa wameshanunua beringi. Ombi langu la kwanza kwao ni lilelile: usiitoe kwenye karatasi yake mpaka tujue ile ya zamani iliuawa na nini. Lawama zote huwa kwa mwenye duka la vipuri, kwamba siku hizi anauza feki. Feki zipo, sikatai. Lakini hata beringi halali ikifungwa kwenye mashine inayotikisika itakufa, labda ichelewe kidogo.

Mashine zetu nyingi ni za nyundo. Ndani yake kuna shafti yenye sahani za chuma, na kwenye pini za sahani hizo zimetungwa nyundo, vipande bapa vinavyoipiga nafaka mpaka ipite kwenye chekeche. Nyundo huliwa. Huku kwetu huliwa upesi kwa sababu mahindi na makopa yanaanikwa chini, na mchanga unaingia mashineni pamoja nayo. Siku moja nyundo inavunjika. Mwenye mashine ananunua moja, anaifunga, kazi inaendelea, na hapo ndipo tatizo linapozaliwa.

Tuseme hiyo mpya ina gramu 250, na ile iliyo mkabala nayo imelika hadi gramu 210. Tofauti ni gramu 40, mkononi huzisikii. Ila nyundo zikiwa sentimita 20 kutoka katikati ya shafti, na shafti ikizunguka mara 2,900 kwa dakika, gramu hizo huivuta beringi kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 75 hivi, na mvuto huo huizunguka beringi mara 48 kila sekunde, tangu asubuhi mpaka mashine ifungwe. Mtu akibadilisha puli ili asage haraka zaidi, nguvu hiyo haipandi kwa kiasi kilekile cha kasi: kasi ikiwa maradufu, yenyewe inakuwa mara nne. Kwa upande wa beringi za gololi, hesabu ya watengenezaji ni kwamba mzigo ukipungua nusu, umri wake unakuwa mara nane. Ndiyo maana nawaambia watu waweke fedha zao kwenye kupunguza mzigo kabla ya kufukuzia beringi ya bei kubwa.

Chombo changu kinaenea kwenye begi la mgongoni. Kuna kihisio chenye sumaku kinachonata kwenye nyumba ya beringi, kuna kimulimuli kinachosoma kipande cha tepu inayong'aa niliyoibandika kwenye puli, na kuna kioo kinachoonyesha mtikisiko kwa milimita kwa sekunde. Kwa mashine ndogo za hadi kilowati 15, jedwali la kimataifa la ISO tulilolizoea mafundi linasema ukivuka 4.5 uko kwenye hatari. Jedwali hilo halikuandikwa kwa ajili ya mashine iliyofungwa juu ya magogo ya mninga, kwa hiyo mimi nalichukua kama mwongozo tu. Thamani ya chombo ni kwamba kinautenganisha mtikisiko kwa kasi zake. Injini ya dizeli ya silinda moja ina kasi yake, mkanda una yake, shafti ya nyundo ina yake. Mkono ukishika bodi ya mashine unasikia vyote kwa mpigo, na hapo kila fundi anasema lake.

Mandawa niliitwa kwenye mashine iliyotolewa kwenye dizeli ikafungwa mota baada ya umeme wa vijijini wa REA kufika. Mzee mwenye mashine alikuwa na hukumu yake tayari. "Fundi, mota hii ndiyo inayotikisa. Dizeli haikuwa hivi." Nikamwambia, mzee, dizeli ilitikisa kuliko hii, ila ulikuwa umeizoea. Akina mama walikuwa wamekaa kivulini na ndoo zao, na bibi mmoja hakutaka mazungumzo marefu: "Mjukuu wangu, utatusagia au utaendelea kuipapasa?"

Kihisio kilisoma 14 kwa upande wa ubavuni. Kiooni ulisimama mlingoti mmoja tu, kwenye mara 48 kwa sekunde, kasi ileile ya shafti ya nyundo. Hiyo ni dalili ya uzito usiolingana. Boliti zikilegea milingoti inakuwa mingi, inapangana kama ngazi. Shafti ikipinda, mashine inatikisika sana pia kwa mwelekeo wa urefu wa shafti. Hata hivyo nilitoa mikanda, nikaiwasha mota peke yake. Ikasoma chini ya 2. Mzee akaona kwa macho yake kwamba mota haina kosa.

Tukazima swichi kuu, nikatoa fyuzi nikazitia mfukoni, maana siingizi mkono mahali palipo na nyundo kwa kuamini maneno ya mtu. Tukazitoa nyundo zote. Kijana mmoja akaazima mizani ya kupimia dhahabu kwa mnunuzi anayefanya kazi na wachimbaji wadogo, tukazipima moja moja na kuandika uzito kwa chaki. Nyundo zenye uzito unaokaribiana tukazifunga mkabala, pini kwa pini. Tulipowasha, 14 ikawa 5. Mpaka hapo, ukiacha kipimo, nilikuwa sijatumia kitu chochote ambacho mzee hakuweza kukipata mwenyewe.

Hiyo 5 iliyobaki ilitoka kwenye sahani zenyewe, zilizolika upande mmoja na kuchomelewa mara nyingi miaka iliyopita. Hapo ndipo balansi yenyewe inapoanza. Unafunga uzito mdogo wa majaribio mahali unapopajua, unawasha, unaangalia mtikisiko umebadilika kiasi gani na umehamia pembe gani; kutokana na mabadiliko hayo hesabu inakupa uzito halisi na mahali pake. Njia hii ni ya zamani. E. L. Thearle wa General Electric, Marekani, aliichapisha mwaka 1934, na wakati huo watu walichora mishale kwenye karatasi. Chombo kilidai gramu 29. Nikapima washa kwenye ile mizani ya dhahabu, nikazichomelea. Kibano cha ethi nilikibana kwenye sahani yenyewe ninayochomelea. Fundi akikibana kwenye fremu, umeme wa kuchomelea unapita ndani ya beringi na kuziunguza gololi, kisha balansi inalaumiwa bure. Kipimo cha mwisho kilikuwa 1.6. Bibi akapata unga wake.

Lakini mara nyingi balansi haihitajiki kabisa, na fundi anayeifanya kabla ya kukagua anauza kitu ambacho mteja hakukihitaji. Kiwanda kimoja cha kubangua korosho, jina nitaliacha, kilikuwa kimemlipa mtu wa mjini kubalansi feni ya kukaushia. Baada ya muda mfupi ikarudia. Nilipoifungua nilikuta vumbi lenye mafuta ya maganda limeganda kwenye mapanga, na yule bwana alikuwa amechomelea vyuma ili kulingana na uchafu. Uchafu ulipobanduka upande mmoja, vyuma vyake vikawa ndio mzigo. Tuliving'oa, tukakwangua mapanga, feni ikatulia. Niliwatoza nauli na chakula cha mchana.

Migodi ya madini kinywe inayofunguliwa Ruangwa itakuja na mafundi wake na vyombo vyake, hilo halinisumbui. Ninaowaandikia ni wenye mashine moja, na wenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, ambako nyundo ni nzito zaidi na tofauti ya gramu huwa kubwa zaidi. Nyundo ikivunjika, badilisha na ya mkabala wake siku hiyohiyo. Ukinunua seti, ipime kabla hujaifunga, kwa sababu nyundo za kukatwa mtaani hazilingani hata zikitoka kwa fundi mmoja. Kaza boliti za msingi, safisha ndani, angalia mikanda. Mtikisiko ukibaki baada ya hayo yote, ndipo uniite mimi au mwenzangu mwenye chombo. Kwa kazi ya kupima nyundo, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha.