Matunda ya Jioni

Zaburi ya 92 inaahidi kwamba wenye haki watazaa matunda hata uzeeni. Tunaisoma mara nyingi tunapowatembelea wazee majumbani. Lakini je, tunaiamini? Usharikani kwetu linajadiliwa jambo la mwalimu wa kwaya aliyepita miaka 70: apumzishwe, au aendelee? Nikiwaza hilo, namkumbuka Giuseppe Verdi.

Verdi alizaliwa Italia mwaka 1813. Alitunga opera, yaani tamthilia zinazoimbwa pamoja na okestra. Ujana wake ulikuwa wa machozi. Kati ya 1838 na 1840 alizika binti yake, mwanawe na mkewe. Katika msiba huo alikuwa akitunga opera ya kuchekesha, nayo ilipoonyeshwa Milan, watu waliizomea.

Baadaye alipata sifa kubwa. Baada ya Aida, mwaka 1871, miaka 16 ilipita bila opera mpya. Alikuwa na shamba na fedha za kutosha, na wengi walidhani amemaliza. Ndipo Arrigo Boito, mshairi mdogo kwake kwa miaka 28, akamwandalia maneno ya kuimbwa. Mwaka 1887 Verdi, akiwa na miaka 73, alitoa Otello. Mwaka 1893, akikaribia miaka 80, alitoa Falstaff, opera ya kuchekesha, katika jumba lile lile alilozomewa miaka 53 kabla. Safari hii walimshangilia.

Wapendwa, simtaji Verdi kama mtakatifu. Hakuwa mtu wa kuonekana sana kanisani, na imani yake Mungu ndiye aijuaye. Lakini sisi Walutheri tumefundishwa kwamba muziki ni zawadi ya Mungu, na Mungu huwagawia watu zawadi zake pasipo kutuomba ushauri. Hata Verdi mwenyewe, katika miaka yake ya mwisho, alitunga nyimbo za sifa na maombi za Kanisa.

Tena alijenga Milan nyumba ya kuwatunza wanamuziki wazee wasio na kitu. Aliihesabu kuwa kazi yake bora kuliko zote. Hakutaka kushukuriwa, hivyo akaagiza ifunguliwe baada ya kifo chake. Alifariki Januari 1901. Wazee wa kwanza waliingia mwaka 1902. Yeye na mkewe wa pili wamezikwa humo.

Kwa hiyo, katika baraza la wazee, nitashauri hivi: mwalimu wetu tusimwondoe, wala tusimwachie mzigo wote peke yake. Tumpatie kijana wa kushika kinanda, kuandika nota na kujifunza kwake. Verdi asingeitoa Falstaff bila Boito, na Boito naye alimhitaji mzee. Huenda hata kwetu Mungu ameweka wimbo ambao haujaimbwa bado, nao unawasubiri hao wawili wakae pamoja.

Bwana atupe macho ya kuona matunda ya jioni. Amina.